Siku ya sita Bangkok, na sitoki kitandani

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku nikiwa kitanda cha juu, kwenye bweni la watu wanane, katika hosteli moja mtaa wa Banglamphu, Bangkok. Wenzangu saba wamelala. Mimi tangu nifike sijalala usiku mmoja ukakamilika. Mchana usingizi unanichukua kwa nguvu, nikizinduka jua limeshazama na siku imepotea.

Nina miaka 27 na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Miaka miwili niliweka akiba kwa ajili ya safari hii: siku 30 Thailand, peke yangu, shanta mgongoni. Mama hakutaka. Alisema mtoto wa kike haendi mahali asikomjua hata mtu mmoja wa kumwita jina. Tulibishana mpaka tukanuniana wiki nzima. Siku ya kuondoka alikuja mwenyewe kunisindikiza uwanja wa ndege. Hakusema neno, alinishika mkono tu mpaka nikaingia ndani.

Ndege ilitua baada ya saa sita usiku, treni zimeshalala. Mwanamume mmoja alinifuata nikitoka, akaninyang'anya begi kwa upole, akanipeleka kwenye gari. Nililipa baht (pesa ya huku) 1,200. Nilipofika hosteli, dada wa mapokezi aliniuliza nimelipa ngapi, nikamwambia, akaangalia chini. Baadaye nikajua teksi ya mita ingenifikisha kwa kama baht 400. Nikajiambia basi, hiyo ndiyo ada ya ugeni.

Siku ya tatu nikajikaza kwenda Kasri Kuu kwa miguu. Kabla sijafika langoni, mzee mmoja aliyevaa shati safi na kitambulisho shingoni akanisimamisha kwa heshima. Akasema Kasri limefungwa mpaka alasiri, watawa wana ibada. Akanichorea ramani ya mahekalu matatu ya kutembelea nikisubiri, akaita bajaji (huku wanaziita tuk-tuk), akaniambia atanizungusha kote kwa baht 20. Kwenye hekalu la kwanza hapakuwa na mtu ila kijana mmoja akisali. Tukaongea. Akaniambia nina bahati, leo ni siku ya mwisho ya punguzo la serikali kwenye vito, yeye mwenyewe ametoka kununua, na ukiuza nyumbani unapata mara tatu. Anti, sikutambua. Dereva hakunipeleka hekalu la pili, alinipeleka dukani. Nilitoka na pete ya jiwe la bluu ya baht 6,500, nimelipa kwa kadi. Dereva akanishusha njiani, akaondoka. Nilitembea mpaka Kasri Kuu na kukuta lango liko wazi, watu wanaingia kama kawaida. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia mchana kweupe.

Tangu siku hiyo naenda duka la pembeni kununua maji na mkate, narudi. Nahesabu pesa asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Nanawa mikono mpaka ngozi imeanza kupasuka. Mtu akinisalimia njiani naongeza mwendo. Wenzangu wa bweni, karibu wote wamekuja peke yao kama mimi, lakini jioni wanatoka pamoja na kurudi wakicheka, nami najifanya nimelala. Mama anauliza kila siku. Namtumia picha ya mto na kumwambia nimetoka kutembea. Picha zote nilizipiga siku ya pili.

Kubadilisha tiketi kunanigharimu pesa ya kuishi huku siku kumi. Nikirudi sasa, mama atakuwa alisema kweli, na miaka miwili ya kujinyima imeishia kwenye pete ya kioo. Nikibaki, nimebakiza siku 24 za kutazama dari. Nifanyeje?

Wa Kitanda cha Juu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliumia, hasa pale ulipokaa ukingoni mwa barabara. Mara ya pili nilichukua kalamu nikapigia mstari mambo manne: kunawa mikono mpaka ngozi inapasuka, kuhesabu pesa mara tatu kwa siku, kumkimbia kila anayekusalimia, na kuwaza kurudi nyumbani. Nilipigia mstari kwa sababu nimeshayasoma mahali pengine, na yaliandikwa kabla hujazaliwa.

Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alichapisha makala kuhusu kile kinachowapata watu wanapohamia ghafla kwenye nchi ngeni. Akaorodhesha dalili zake. Kunawa mikono kupita kiasi ilikuwemo. Wasiwasi juu ya maji, chakula na matandiko ulikuwemo. Hofu ya kutapeliwa na kuibiwa, hamu kali ya kurudi nyumbani, vyote vilikuwemo. Hakuwa anaandika kuhusu waoga. Aliandika kuhusu watu wazima waliokwenda ughaibuni kikazi, wengine na familia zao. Sababu aliyoitoa ndiyo ninayotaka uishike: tunapoondoka nyumbani tunapoteza zile alama ndogo ndogo mamia kwa mamia tunazoishi nazo bila kuziwaza. Unajua lini umpe mtu mkono na lini uinamishe kichwa. Unajua bei ya kitu kabla hujauliza. Unajua sauti ya mtu anayekukarimu na ya mtu anayekutega. Ukishuka Bangkok, alama hizo zote zinazimika kwa pamoja, na akili inabaki inalinda kila upande kwa sababu haijui hatari iko wapi. Kuhesabu pesa ni ulinzi. Kunawa mikono ni ulinzi. Umechoka, mwanangu, kwa sababu umekesha lindoni siku sita.

Kwa hiyo swali lako la kurudi au kubaki sitalijibu kwanza. Limeulizwa saa tisa usiku na mtu asiyelala. Tuanze na huo usingizi.

Umesafiri kuelekea mashariki, na mwili hupata shida zaidi upande huo kuliko magharibi, kwa sababu unalazimishwa kulala kabla haujawa tayari. Kwa kawaida mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Wewe ungekuwa umeshazoea sasa kama usingelala mchana ndani ya chumba chenye pazia. Kinachouambia mwili saa ngapi ni mwanga wa jua. Kwa hiyo kesho, hata kama umelala saa mbili tu, utoke nje asubuhi. Mchana ukizidiwa lala dakika 20, uwe umetega kengele, na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Usiku ukizinduka, simu iache ilipo. Siku tatu za kushika utaratibu huu na utaanza kujisikia mtu.

Sasa pete. Nitalikalia hili kidogo, kwa sababu ndilo lililokufungia ndani.

Unaliona kama kosa ulilofanya kwa ushamba. Hebu tulitazame lilivyojengwa. Mzee wa shati safi, dereva wa tuk-tuk, kijana anayesali na mwenye duka walikuwa timu moja, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mzee anakuondoa langoni. Dereva anakupeleka; hakuna dereva wa Bangkok anayeweza kumzungusha mtu saa nzima kwa baht 20, nauli yake inatoka dukani, kama kamisheni au kuponi ya mafuta. Kijana wa hekaluni ndiye fundi wao, kwa sababu hakuuzii kitu. Anakupa siri tu, na siri ikitoka kwa mtu anayesali tunaiamini. Mchezo huu umechezwa jijini humo kwa miongo mingi, maneno yakiwa karibu yale yale: Kasri limefungwa, mahekalu matatu, siku ya mwisho ya punguzo, utauza nyumbani kwa faida. Mchezo huo umewapata wafanyabiashara, wanasheria, watu waliozunguka dunia. Uliingizwa mjini na watu ambao hiyo ndiyo ajira yao ya kila siku, na ulikuwa huna usingizi wa siku mbili. Huo si ushahidi kwamba hufai kusafiri.

Na hujamaliza nao. Ulilipa kwa kadi, hilo ni jema. Leo hii wasiliana na benki yako uwaeleze ulivyouziwa kwa udanganyifu, uulize taratibu za kupinga malipo hayo. Jambo hili lina muda wake, usilicheleweshe. Kisha piga 1155. Ni polisi wa watalii wa Thailand, wanapokea saa 24 na Kiingereza wanazungumza. Wape risiti, jina la duka na siku. Dukani usiende peke yako. Siwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi, lakini naamini kwa moyo wote kwamba ukishapiga simu hizo mbili utalala tofauti, kwa sababu utakuwa umeacha kuwa mtu aliyetendwa tu.

Mengine ya kujilinda ni machache na yanashikika. Mtu yeyote akikufuata mwenyewe karibu na kivutio na kukuambia kimefungwa, mshukuru na uendelee kutembea hadi langoni, uulize kwenye dirisha la tiketi. Kasri Kuu hufunguliwa kila siku saa 2:30 asubuhi, na tiketi huuzwa mpaka saa 9:30 alasiri. Likifungwa kwa shughuli ya kifalme, tangazo utalikuta hapo hapo. Teksi iwe ya mita, na mita huanzia baht 35; dereva akikataa kuiwasha, shuka, nyingine inakuja nyuma yake. Siku ya kuondoka, kama ndege si ya alfajiri, treni ya uwanja wa ndege kutoka Phaya Thai hadi Suvarnabhumi ni baht 45 na huchukua karibu nusu saa. Mashine za kutolea pesa hukata zaidi ya baht 200 kila unapotoa kwa kadi ya kigeni, kwa hiyo toa kiasi kikubwa mara chache, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya kwenu, kataa, chagua baht. Pesa uigawe sehemu mbili, uhesabu mara moja tu, asubuhi. Hiyo ya mchana na usiku tumeifuta.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Nadhani ulikosea jambo moja, na wengi hulikosea mara ya kwanza: ulitaka Bangkok yote kwa mara moja. Bangkok haimezeki hivyo, mwanangu. Jiji na viunga vyake lina zaidi ya watu milioni 10. Wenyewe wanaliita Krung Thep, na jina lake kamili la sherehe, likiandikwa kwa herufi za Kilatini, lina herufi 168, limo kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kama jina refu kuliko yote ya mahali. Hata jina lake huwezi kulimeza kwa pumzi moja, sembuse mitaa yake. Mimi nilifika huko mara ya kwanza nikiwa na umri kama wako, na nakumbuka nilisimama kwenye kivuko cha barabara robo saa nzima, taa ikibadilika na kubadilika, nisiweze kuinua mguu. Siku hiyo nilivuka kwa sababu mama mmoja mwenye kikapu alivuka nami nikamfuata.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hulisikia neno hili kama la mwenyeji aliyechoka. Mimi naliona kama dawa kwa mgeni mwenyewe. Mtu akishashika jembe, anajua asubuhi aende wapi, na watu wanajua alipo. Wewe umepitisha siku yako ya tatu, ya nne na ya tano bila jembe. Nitakupa mimi. Na shamba lako si Bangkok, ni Banglamphu, mtaa ulipolala. Kwa siku nne sitaki uone kivutio chochote.

Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, shika barabara ya Phra Athit kuelekea mtoni. Utakuta ngome nyeupe, Phra Sumen, iliyojengwa mwaka 1783, mwaka mmoja tu baada ya mji huo kufanywa makao makuu. Kando yake kuna bustani ndogo iitwayo Santichaiprakan, na mto Chao Phraya mbele yake. Kaa hapo. Usipige picha kwanza, kaa tu, tazama wazee wanaonyoosha viungo. Ukiwa nje saa mbili kamili asubuhi utasikia wimbo wa taifa. Hupigwa kwenye bustani na vituo vya treni saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na watu husimama walipo. Simama nao. Hiyo itakuwa alama yako ya kwanza kuirudisha: dakika moja ambayo unajua kabisa unachotakiwa kufanya, na unakifanya pamoja na kila mtu.

Kisha kula, na si mkate. Tafuta meza ya barabarani inayouza jok, uji mzito wa mchele wenye vipande vya nyama, tangawizi na yai. Ni chakula cha asubuhi, hakina pilipili, tumbo lililojaa wasiwasi hulipokea vizuri. Chagua pale penye wenyeji wengi na sufuria inayotoa mvuke. Onyesha kwa kidole. Ukiwa mwanamke, salamu yako ni "sawatdi kha", na shukrani "khop khun kha". Kwa vyakula vingine jifunze "mai phet", bila pilipili. Kesho yake rudi kwenye meza ile ile, ukae kiti kile kile. Keshokutwa pia. Siku ya tatu yule mama atakuona unakuja naye atachukua bakuli kabla hujasema neno. Sijui kama nimewahi kupokea zawadi kubwa kuliko hiyo katika mji mgeni.

Halafu kazi za nyumbani. Fua nguo zako; mitaa hiyo imejaa watu wanaofua kwa kilo na mashine za sarafu. Nunua sabuni na mafuta ya kupaka hiyo mikono. Toa kila kitu kwenye shanta, na vile ambavyo hujavigusa kwa siku sita uvitenge. Msafiri anayebeba mzigo asioutumia hukaa ndani kwa kuogopa kuubeba. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana kaa mahali penye kivuli, joto la Bangkok si la kushindana nalo, na maji kunywa ya chupa. Jioni zunguka mtaa wa Rambuttri, ambao uko jirani na mtaa wa Khao San lakini una utulivu zaidi. Njia ile ile kila siku, mpaka uweze kuitembea ukiwaza mambo mengine.

Siku ya tatu ya mpango huu, panda boti. Kituo cha Phra Athit kiko hapo hapo ulipokuwa unakaa. Uliza boti ya bendera ya chungwa, ndiyo wanayopanda wenyeji; nauli ni karibu baht 16 kwa umbali wowote. Ile ya bendera ya bluu ni ya watalii na ni ghali zaidi. Panda mpaka Sathorn, ambako mto unakutana na treni ya juu, kisha ugeuze urudi. Usishuke kutalii chochote. Kuna sehemu iliyotengwa kwa watawa, usikae hapo, na kwa kuwa u mwanamke, jihadhari usimguse mtawa hata kwa bahati mbaya. Basi. Utapita hekalu la Wat Arun upande wa pili wa mto na hutakuwa na wajibu wa kulifanyia chochote. Utaona jiji likipita mbele yako nawe umekaa, na huo ndio utaratibu ninaoutaka: lenyewe lijongee, wewe utulie.

Ukishafika hapo nadhani miguu yenyewe itataka kwenda mbali zaidi. Kutoka Sathorn treni ya juu, iliyoanza kazi mwaka 1999, inakufikisha Sala Daeng, na hatua chache mbele kuna bustani ya Lumphini yenye kenge wakubwa wanaoogelea bila kumjali mtu. Halafu nenda Kasri Kuu. Nakuomba uende, kwa sababu ndipo ulipoumizwa na sitaki pabaki hivyo. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, uwe langoni saa 2:30 asubuhi na baht zako 500. Akikusimamisha mzee wa shati safi, unamjua. Ukitoka, hekalu la Wat Pho liko jirani, na ndani yake Buddha aliyelala mwenye urefu wa mita 46. Mimi nilikaa chini miguuni pake, na nyayo zake zilizotiwa michoro ya ganda la chaza ziliniondolea uchovu wote wa wiki.

Kuhusu wenzako wa bweni nitasema kidogo tu. Umeandika mwenyewe kwamba karibu wote wamekuja peke yao. Maana yake kila mmoja wao alikuwa na siku yake ya tatu kama yako. Usingoje jioni wakiwa kundi na kelele, hapo ni vigumu kuingia. Asubuhi mfuate mmoja anayepiga mswaki, mwambie unakwenda kula jok, aje kama anapenda. Mwambie na habari ya pete. Usishangae akikuonyesha ya kwake.

Sasa swali lako. Chukua karatasi uandike tarehe ya siku yako ya 12. Mpaka siku hiyo hakuna kuongelea tiketi, hata na wewe mwenyewe usiku. Ikifika, kaa mchana baada ya kula na ujiulize kama bado unataka kurudi. Kama jibu ni ndiyo, jiulize pia ni safari umeikataa au ni ukubwa wa jiji. Hayo ni mambo mawili. Ayutthaya iko kilomita 80 hivi kaskazini, ilikuwa makao makuu ya ufalme kwa zaidi ya miaka 400 hadi ilipoteketezwa mwaka 1767, na leo ni mji mdogo unaozungukwa kwa baiskeli. Treni ya kawaida huko ni baht chache tu. Uliza kwanza inaondokea wapi, kwani treni za masafa marefu zilihamia kituo cha Krung Thep Aphiwat Januari 2023 na baadhi ya zile za kawaida zimebaki kituo cha zamani cha Hua Lamphong. Huenda siku 18 zako zilizobaki ziko kwenye miji ya namna hiyo.

Na kama siku ya 12 moyo bado unasema nyumbani, kata tiketi urudi. Nitakuwa upande wako. Usafiri si mtihani wa ndoa wala wa imani, na pesa ya tiketi hurudi ukifanya kazi. Kuna hali moja tu ambayo hupaswi kungoja siku ya 12: usingizi ukikukimbia kabisa hata baada ya kutoka nje kwenye jua, chakula kikikataa kupita, au ukianza kuwaza kujidhuru. Hapo mwamshe dada wa mapokezi saa yoyote, akupeleke hospitali, na nyumbani wajue siku hiyo hiyo.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa sababu naona ndiye uzito mkubwa kuliko hata pete. Unadhani akijua ukweli atasema "nilikuambia". Huenda atasema. Lakini mwanamke aliyenuna wiki nzima kisha akaja kukushika mkono mpaka mlangoni hakuja kukuhesabia makosa. Picha za siku ya pili hazimtulizi. Anakuuliza kila siku kwa sababu anasikia kitu ndani ya majibu yako. Na wewe kila ukimdanganya unajitoa kwenye mikono ya mtu pekee anayekujua vizuri, wakati ule ule ambao hakuna anayekujua.

Usianze na habari ya pete. Kesho asubuhi ukiwa kwenye ile bustani, mpigie picha mto jinsi utakavyoukuta, hata ukiwa na matope, umtumie. Halafu mpigie simu, na akikuuliza umelalaje, mwambie hujalala.

Anti yako